Vitamini ya Mzunguko wa Damu: Usiimeze Kama Pipi!

Umekaa ofisini tangu saa mbili asubuhi, kiyoyozi kinapuliza, na vidole vimekuwa vya baridi kama vimetoka kwenye friji. Ukiinuka kwenda kuchukua chai, mguu mmoja umekufa ganzi, unatembea kama unakanyaga sponji. Usiku ukipanda kitandani mwenzi wako anaruka: "He! Miguu gani hii, umetokea Makete?" Mnacheka, mnalala. Kesho yake mtu wa meza ya jirani anakupa jibu la haraka: "Hiyo damu haizunguki vizuri. Kuna vitamini fulani, nenda duka la dawa. Ukimeza tu unasikia mwili mzima unawaka. Damu inafunguka!"

Kwa kuwa ni vitamini, nani aogope? Vitamini si ndiyo ile iliyoko kwenye machungwa na mchicha? Unanunua kopo, unaliweka kabatini karibu na mafuta ya nywele, na kila mmoja ndani ya nyumba anachota anavyotaka.

Hapo ndipo tunapotaka kuongea na wewe mwezi huu. Dawa hizi zipo, zina historia ndefu, na daktari anaweza kuwa na sababu ya kukuandikia. Lakini kitu kinapomezwa kwa kiwango cha kutibu, hakiwi tena chakula hata kama jina lake ni vitamini. Ni dawa kamili, yenye faida zake, madhara yake na watu wasiotakiwa kuigusa. Na kabla ya dawa yoyote ya mzunguko wa damu kuna swali moja la lazima: ni kitu gani kinachoizuia damu isizunguke?

Ni vitamini gani hasa?

Inayozungumzwa ni vitamini B3, ambayo jina lake lingine ni niasini. Mwili unaihitaji ili kugeuza chakula kuwa nguvu. Ikikosekana kwa muda mrefu mtu hupata ugonjwa uitwao pelagra: ngozi inayopigwa na jua inachubuka na kuwa nyeusi, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, na mwisho ni kifo. Ugonjwa huu hupenda watu wanaokula mahindi karibu peke yake, kwa sababu niasini iliyomo ndani ya mahindi imefungwa na mwili haiipati kirahisi. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula.

Lakini wewe unayekula ugali kwa samaki, maharage, kuku au mchuzi wa karanga, huna haja ya kuogopa pelagra. Mwanaume mtu mzima anahitaji miligramu 16 za niasini kwa siku, mwanamke 14, mjamzito 18. Kipande cha kuku cha gramu 85 hivi, sehemu ya kidari, kinakupa kama miligramu 10. Ini la ng'ombe la uzito huo huo linakupa karibu 15. Kwa hiyo mlo wa kawaida wa nyumbani unatosha.

Sasa njoo kwenye dawa. Niasini ilipotumika kutibu lehemu, ile kolesteroli ya kwenye damu, kiwango cha kawaida kilikuwa miligramu 1,000 hadi 2,000 kwa siku, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu: 2,000 ukigawa kwa 16 unapata 125. Yaani mtu anameza mahitaji ya siku 125 ndani ya siku moja! Chumvi nayo ni nzuri kwenye mchuzi, lakini hakuna anayeweka vijiko 125 kwa sababu eti chumvi ni kitu cha jikoni.

Kuna pia dawa zilizotengenezwa kwa kuiunganisha niasini na kitu kingine, kama inositoli nikotineti na zantinoli nikotineti. Hizi ndizo hasa zilizouzwa katika nchi mbalimbali kwa ajili ya mzunguko hafifu wa damu kwenye mikono na miguu. Ukiona neno "nikotineti" kwenye boksi usishtuke, siyo nikotini ya sigara. Kemikali hii iliitwa asidi ya nikotini kwa sababu wanakemia wa karne ya 19 waliipata kutoka kwenye nikotini. Jina "niasini" lilitungwa baadaye ili watu wasidhani wanakula tumbaku kwenye mkate.

Ule moto unatoka wapi?

Kinachowafanya watu waiamini vitamini hii ni ule moto. Dakika 15 hadi 30 baada ya kumeza niasini ya kawaida, uso, shingo na kifua vinapata joto, ngozi inachomachoma na kuwasha kama umepita kwenye upupu. Kwa mtu mweupe utaona wekundu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, lakini joto na muwasho unavisikia sawasawa. Hali hii inaweza kuanza hata kwa miligramu 30 hadi 50 tu, na kwa kawaida huisha ndani ya saa moja au zaidi kidogo.

Wengi wakishasikia hivyo wanasema, "Aah, imefanya kazi!" Ukweli ni kwamba seli za ngozi zimechochewa na niasini zikatoa kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo zimetanua mishipa midogo ya kwenye ngozi. Basi. Mshipa mkubwa wa pajani ulioziba kwa mafuta haujazibuka. Uso umepata joto, lakini mguu wenye shida unaweza kuwa umebaki vile vile. Joto siyo ushahidi wa kupona.

Tena kuna wanaoamini kwamba muwasho ule ni "sumu inatoka". Hakuna sumu inayotoka. Kwa imani kama hiyo, mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliripoti habari za watu, wengine wakiwa vijana wadogo, waliomeza niasini nyingi mno wakidhani itasafisha mkojo ili wasinaswe kwenye vipimo vya dawa za kulevya. Walichopata ni kutapika, ini kuumia na sukari ya damu kuvurugika. Mkojo haukusafishika.

Mwenye presha ya kushuka, au anayetumia dawa za presha, anaweza kupata kizunguzungu au hata kuzirai mishipa inapotanuka ghafla. Hebu fikiria hilo linakukuta ukiwa kwenye usukani pale Ubungo saa kumi na moja jioni.

Je, inasaidia kweli?

Tusiionee dawa ya watu. Mwaka 1955 watafiti watatu wa Kanada, Altschul, Hoffer na Stephen, walionyesha kwamba niasini ya kiwango kikubwa inashusha lehemu. Ilikuwa habari kubwa, maana wakati huo dawa za lehemu zilikuwa hazipo. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1966 kwa wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo ulitoa majibu yake mwaka 1975, na waliotumia niasini walipata mashambulio mapya machache kuliko wenzao. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari waliiandika kwa imani.

Baadaye zikaja dawa za kundi la statini, na swali likabadilika: mtu ambaye tayari anatumia statini, ukimwongezea niasini anapata nafuu zaidi? Mwaka 2011 utafiti wa Marekani na Kanada uliojulikana kama AIM-HIGH ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu hakukuwa na faida ya ziada. Mwaka 2014 ukatoka mwingine mkubwa zaidi, HPS2-THRIVE, wenye watu 25,673. Faida kwa moyo haikuonekana, lakini madhara yalionekana: kisukari kipya, sukari kuharibika kwa waliokuwa nacho, matatizo ya tumbo, maambukizi na kutokwa damu. Robo ya waliopewa niasini waliacha dawa njiani. Dawa hiyo iliyochanganya niasini na kizuia-muwasho ilikuwa imeshaondolewa sokoni Ulaya mwaka 2013.

Na kwenye miguu je? Kuna ugonjwa ambao mishipa ya miguu imepungua upana, mtu akitembea kidogo misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, inabana na kuuma, akisimama inaachia. Mwaka 2011 taasisi ya Uingereza inayopitia ubora wa matibabu, NICE, ililinganisha dawa nne za tatizo hilo. Inositoli nikotineti ilikuwa mojawapo, na haikupendekezwa.

Kwa hiyo msomaji wetu, ukisikia "inafungua mishipa", jua kwamba sifa hiyo ni kubwa kuliko uthibitisho uliopo.

Baridi siyo ganzi, na ganzi siyo baridi

Watu wengi wanaosema "damu haizunguki" hawana tatizo la damu hata kidogo. Hebu tutenganishe.

Vidole vikiwa vya baridi halafu vinabadilika rangi, vinapauka, vinakuwa vya bluu kisha vinarudi kwa joto na maumivu, hasa kwenye baridi au ukiwa na stresi, hiyo inaweza kuwa hali ya Raynaud, ambapo mishipa midogo inajibana yenyewe. Mara nyingi tiba ya kwanza ni kujikinga na baridi na kuacha sigara.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ukatikisa mkono, mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kiwiko cha kiganja. Huwapata sana wajawazito na wanaofanya kazi ileile ya mikono kwa saa nyingi. Vitamini ya kutanua mishipa haiachilii neva iliyobanwa.

Ganzi ya nyayo zote mbili, kama umevaa soksi wakati huna, ni ya kuipeleka hospitali mapema. Inaweza kuwa kisukari ambacho hujakijua, au pombe, au upungufu wa vitamini B12. Wanaotumia metformini kwa muda mrefu wanaweza kupungukiwa na B12, kwa hiyo wamuulize daktari kuhusu kipimo chake. Hapa kuna kichekesho kisichochekesha: wapo wanaotibu ganzi kwa kumeza vidonge vya "vitamini za neva" mwaka mzima bila kupimwa. Vitamini B6, ambayo huwa ndani ya vidonge hivyo, ikizidi kwa muda mrefu nayo yenyewe inaharibu neva na kuleta ganzi. Unakimbia moshi unaingia kwenye moto!

Kwa hiyo vipimo vya presha, sukari na wingi wa damu vinaweza kukuambia mengi kuliko makopo mawili ya vidonge. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya juu. Na presha, kama unavyojua, haipigi hodi.

Tuongee la chumbani

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalisemi kwa sauti. Kopo la vitamini ya damu mara nyingi halinunuliwi kwa ajili ya vidole vya baridi. Linanunuliwa na kaka wa miaka thelathini na kitu ambaye kwa miezi kadhaa mambo ya chumbani hayaendi kama zamani. Ameambiwa na rafiki yake kwamba damu ikizunguka vizuri nguvu zitarudi. Analificha kopo kwenye begi la kompyuta. Mwenzi wake naye anaona mume anachelewa kulala, anajifanya anaangalia mpira, na moyoni anajiuliza, "Ana mtu mwingine?" Wote wawili wanaumia, na hakuna anayeongea.

Dada, kaka, sikilizeni. Ni kweli uume husimama kwa damu. Lakini mishipa inayopeleka damu huko ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo ikianza kuharibika kwa presha, sukari, lehemu au sigara, ndiyo inayoonyesha dalili mapema. Tatizo la kusimama linaweza kutangulia tatizo la moyo kwa miaka kadhaa. Kwa maneno mengine, mwili umekupigia kengele. Ukiizima kengele kwa vidonge vya kificho, ugonjwa unabaki pale pale unaendelea na kazi yake.

Siyo kila mara ni mishipa, wala usianze kuandika wosia. Uchovu, deni la benki, ugomvi wa nyumbani, pombe, huzuni na baadhi ya dawa za presha vinaweza kuleta hali hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya kwenda kupimwa badala ya kubahatisha. Na tafadhali, usichanganye dawa za kutanua mishipa kwa akili yako mwenyewe. Mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akimeza na dawa za kuongeza nguvu kama sildenafili, presha inaweza kuporomoka na kumuua. Ukiongeza na niasini na bia mbili juu yake, unazidi kujitafutia balaa.

Kwako dada: swali zuri siyo "Hizi dawa za nini, na unampelekea nani?" Jaribu, "Mume wangu, nimeona hizi dawa. Kuna kitu kinakusumbua? Twende wote tukapime." Sentensi hiyo inaweza kuokoa ndoa na moyo kwa pamoja.

Nani asiiguse bila daktari?

Niasini ya kiwango cha dawa, pamoja na jamii yake, siyo ya kujichagulia kama:

- Una ugonjwa wa ini, uliwahi kuugua homa ya manjano ya ini, au unakunywa pombe sana. Niasini nyingi inaweza kuumiza ini vibaya.
- Una vidonda vya tumbo. Inaweza kuviamsha.
- Una kisukari au sukari yako iko mpakani. Inaweza kuipandisha.
- Una jongo, yaani gauti. Niasini huongeza asidi ya yuriki, na kidole gumba cha mguu kitakueleza usiku.
- Una presha ya kushuka, au unatumia dawa za presha au za moyo.
- Unatokwa damu kirahisi, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.
- Una mimba, unatafuta mimba au unanyonyesha. Vidonge vya kliniki ya wajawazito ni sawa, vina kiwango kidogo. Kopo la kiwango kikubwa ni habari nyingine.

Kuna jambo jipya pia. Mwaka 2024 watafiti wa Cleveland Clinic huko Marekani walieleza kwamba mabaki fulani yanayotokana na niasini iliyozidi mwilini yanaendana na hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo, huenda kwa kuchochea uvimbe ndani ya mishipa. Bado linachunguzwa, lakini linatosha kumfanya mtu asimeze ziada isiyo na sababu.

Ukiandikiwa, itumie hivi

Daktari wako anaweza kukupima na kuona una sababu ya kutumia. Sawa. Basi fuata haya.

Kwanza, mtajie kila kitu unachokunywa. Kila kitu! Dawa za presha, za uzazi wa mpango, za kienyeji, unga wa lishe wa jim, hata ule mchanganyiko uliotumiwa na shemeji kutoka Kariakoo. Niasini mara nyingi imejificha ndani ya vidonge vya vitamini mchanganyiko na vinywaji vya kuongeza nguvu, na hesabu inajumlishwa.

Pili, soma aina. Nikotinamaidi nayo ni vitamini B3, lakini haitanui mishipa wala kushusha lehemu. Niasini "isiyowasha" mara nyingi ni inositoli nikotineti, na inatoa niasini huru kidogo sana. Ile inayoyeyuka polepole inawasha kidogo, lakini imeonekana kuumiza ini zaidi. Kwa hiyo usibadilishe aina moja kwa nyingine eti kwa kuwa miligramu zinafanana. Duka likikosa uliyoandikiwa, mpigie daktari simu.

Tatu, anza na kiwango kidogo na kipande polepole kama ulivyoelekezwa. Meza na chakula, siyo tumboni patupu. Epuka pombe, chai ya moto na pilipili karibu na muda wa dawa, vinaongeza muwasho. Ukiacha siku kadhaa, usirudie kwa kiwango kikubwa kana kwamba hukuacha. Muulize daktari. Wapo wanaoandikiwa aspirini nusu saa kabla ili kupunguza muwasho, lakini usijiandikie mwenyewe, hasa kama una vidonda vya tumbo.

Nne, dozi ya kwanza imeze ukiwa nyumbani, umekaa, siyo ukiwa unataka kuendesha gari au kuingia kwenye kikao.

Tano, pima. Ini, sukari na asidi ya yuriki vipimwe kabla ya kuanza na baada ya kuanza, kwa ratiba ya daktari. Ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya kokakola, kichefuchefu kisichoisha, uchovu mkali au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Sita, dawa yako ni yako. Usimgawie mwenzi wako kwa sababu mnapendana. Mapenzi ni kushirikiana blanketi, siyo dozi. Na ukinunua, nunua kwenye duka la dawa linalotambulika, boksi likiwa na jina, kiwango na tarehe ya kuisha muda. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosajili dawa nchini. Kidonge cha kwenye mfuko wa nailoni kisicho na jina hakina wa kumwajibisha.

Hizi hazingoji vitamini

Mguu mmoja ukiwa wa baridi ghafla, umepauka na unauma vikali: hospitali sasa hivi, siyo kesho. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma nyuma ya goti, hasa baada ya safari ndefu ya basi kama Dar hadi Mwanza, baada ya kujifungua au upasuaji, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Dada unayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na zaidi kama umevuka miaka 35 na unavuta sigara, hili likuhusu. Ukiongezea kukosa pumzi au kifua kubana, kimbia. Mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuchanganyika: hicho kinaweza kuwa kiharusi. Kila dakika ina bei.

Kinachozungusha damu kwa bei nafuu

Misuli ya nyuma ya mguu ni pampu. Ukitembea inabana mishipa na kuirudisha damu juu. Ukikaa saa nane kwenye kiti pampu imelala. Inuka kila baada ya muda, panda ngazi badala ya lifti, shuka kituo kimoja kabla ya chako. Na siyo maneno ya kujifurahisha tu: kwa wale wenye mishipa ya miguu iliyopungua upana, mazoezi ya kutembea yaliyosimamiwa, kama saa mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa Uingereza. Wanatembea mpaka maumivu yakaribie kuwa makali, wanapumzika, wanaendelea.

Acha sigara na shisha. Tumbaku inabana mishipa dakika ile ile unayovuta na kuiharibu polepole miaka yote, na hakuna vitamini inayoifidia. Punguza chumvi na mafuta. Kula karanga, samaki, maharage na mboga, utaipata B3 yako kwa kipimo ambacho mwili umezoea.

Na mwezi huu, badala ya kutoka kwenda kula nyama choma Jumamosi yote, chukueni saa moja ya asubuhi, wewe na mwenzi wako, mpime presha, sukari na lehemu. Andikeni namba zenu kwenye karatasi moja mkaibandike mlangoni mwa kabati, pale lilipokuwa kopo. Halafu nendeni mkale nyama choma. Kwa miguu, kama si mbali.

Kila la kheri!